Aliyekufa Hapigi Mluzi

Kilima cha Mazeras kilimuumbua:
Landkruza iliyovuka Tana iliyofurika
ikapitwa na tuktuk,
moshi mweusi nyuma kama fedheha.

"Tabo imekufa," walimwambia Magongo,
naye Nyawa akaja na nyingine ndani ya buti,
imeviringwa leso ya mkewe,
deni bichi.

Mwanamkuu hakujibu. Aliwasha, akatega sikio.
Mluzi upo.
Akazima, akangoja ipoe, akatia kidole:
shafti haichezi, oili haivuji.
Maiti gani huyu, akasema, apigaye mluzi?

Akakoroga sabuni ya unga kwenye kikopo cha chai,
akapaka mipira, kiungo kwa kiungo,
kutoka tabo hadi intakula, intakula hadi injini,
akafungulia upepo wa kompresa.

Kimya.
Jua la Changamwe likamkaa shingoni.
Kisha, chini ya klempu,
pale mkono hauingii bila kuchubuka,
povu likatoa jicho moja,
la pili,
likachekelea.

Ufa usiozidi ukucha.
Mpira wa shilingi mia nane.

"Na hii?" Nyawa akauliza, mzigo kifuani kama mtoto.
"Leso mrudishie mwenyewe," akasema, akifuta vidole.
"Tabo, shauri yako."