Mita Tano za Ujazo

Kampuni ya kwanza ilituma kijana mwenye futi ya chuma.
Akapima kabati, akapima kitanda,
akampima hata mbwa, kwa jicho,
kisha akaandika tarakimu ambayo Evaristo
aliisoma mara mbili, akaikunja,
akaisukuma chini ya mguu wa meza unaochezacheza.
"Angalau," akasema, "imefaa kwa kitu."

Tulikuwa na wiki tatu. Kisima kilikuwa kimewaachisha kazi,
yeye na wenzake arobaini, barua moja, muhuri mmoja,
na nyumba ya kampuni si nyumba ya mtu.
Kwetu ni Tucumán, kaskazini, kwenye miwa na jasho.
Hapa Comodoro ni upepo tu,
upepo unaong'oa milango ya magari
na kukufikisha dukani kabla hujakumbuka ulitaka nini.

Zulema wa matunda ndiye aliyetutoa tongotongo.
Malimau yanakuja kusini, akauliza, na nini kinarudi?
Hewa.
Lori zima la hewa, na dizeli ni ileile.
"Alhamisi mngojeeni Baigorria. Hapendi kurudi mikono mitupu."

Baigorria alisimama mlangoni hakuvua kofia.
Mita tano za ujazo, nyuma, chini ya turubai.
Bei yake ilikuwa robo ya ile iliyo chini ya meza.
"Tano," akarudia, akinitazama mimi.
"Si tano na friji."

Basi friji ikaenda kwa jirani, na jiko, na kochi
ambalo Lautaro alizaliwa karibu juu yake.
Nilikataa kununua hata shubiri moja ya plastiki.
Maboksi ya ndizi alitupa Zulema, bure, yana matundu ya kushikia.
Sahani nilizivisha sweta. Glasi, soksi.
Kila sufuria ilimeza ndogo yake, na ile ndogo ikameza vijiko,
na usiku Lautaro alichora kwa chaki sakafuni
mita tano zetu, tukawa tunaingia na kutoka
kama watu wanaojaribu kaburi.

Cherehani ya mama mkwe ilipita. Kitanda hakikupita.
Meza nilimwambia aikate miguu. Akaifungua skrubu moja moja,
akazihesabu, kumi na sita,
akazifunga ndani ya ile karatasi ya kampuni.

Halafu nikamkuta na jiwe.
Mche wa mwamba, mnene kama mkono wa mtoto,
uliotolewa mita elfu mbili chini, mwaka wake wa kwanza kazini.
Nikasema: Evaristo, nimeacha kitanda changu.
Akasema, taratibu, kama mtu aliyelifikiria usiku kucha:
"Baigorria anatoza ujazo. Hatozi uzito."

Sikuwa na jibu. Nikalivisha soksi.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Baigorria aliinua boksi lile, akaliteremsha, akashika kiuno.
"Kuna nini humu?"
"Masufuria," nikasema,
na mume wangu akageuka kuitazama bahari
ambayo kwa miaka kumi na tisa hakuwa ameitazama.

Sisi tulipanda basi, siku mbili, na mikate ya nyumbani mapajani.
Vitu vilifika baada yetu, Jumatatu, joto la kuchemsha yai,
na kila kitu, sweta, godoro la mtoto, hata cherehani,
kilinuka malimau.
Glasi moja ilivunjika. Kilichookolewa
kimetulipia kodi ya miezi miwili, na wa tatu tutaona.

Skrubu zilikuwa kumi na tano.
Meza bado inachezacheza, karatasi imerudi kazini.
Jiwe ameliweka mlangoni,
mlango usibamizwe na upepo.

Hapa hakuna upepo.
Sijamwambia.