Alama za Mshangao

Kwa Bwana Hempel hapa Leipzig mimi hupanga herufi;
vidole vyangu ni vyeusi tangu utoto.
Msimu huu kinachotuishia si karatasi, wala si wino:
ni alama za mshangao.

Selinde anazimia ukurasa wa tatu!
Anazimia wa tisa, kwa kuona ua limevunjika shingo!
Mchumba wake anajaza kofia machozi, kisha anaivaa!
Kufika sura ya nne kisanduku kitupu,
nikamtuma Lebrecht kwa jirani akaazime konzi mbili.

Hilo ni juzuu la sita.
Mabinti wa wauza manyoya hulinunua kabla gundi haijakauka.
Mke wa mwoka mikate husoma huku anakanda;
mtaa wetu mzima unakula mkate wa chumvi.

Ndipo akaja mjane Sidonie Kretzschmar,
matope viatuni, mswada umefungwa kwa kamba ya soseji.
"Cha kuchekesha," akasema. "Nalipa nusu."
Mirabella wake alizimia mara arobaini na moja;
ya arobaini na mbili aligoma,
sakafu haikuwa imefagiliwa.
Machozi aliyatia chupani, akamuuzia mtengeneza ngozi.
Mchumba alitaka kujiua kwa huba,
akauliza bei ya bastola, akaona heri aishi.

Mbavu sina. Nilimwaga mstari mzima wa risasi sakafuni.
Na herufi ni zilezile!
O iliyokuwa ikiomboleza asubuhi,
jioni imeachama, inapiga miayo.

Nakala mia nne ziliisha kwa wiki.
Mjane alipofuata hela, Bwana Hempel akamsomea barua:
binti mmoja wa Halle kamlilia Mirabella usiku kucha;
mchungaji fulani kaukata ukurasa wa chupa,
kaubandika juu ya kitanda.
Wote wanauliza la pili linatoka lini.
Aliyecheka, hata mmoja.

Mjane alinyamaza. Kisha akacheka yeye,
kicheko kikavu, kama kijiti kinavunjwa.

Nilimsindikiza mlangoni, theluji inadondoka.
Nikamuuliza alijifunzia wapi kuzimia kule.
"Mimi? Sijawahi.
Binti yangu alikufa Februari, saa tisa alasiri.
Nilivua shuka, nikazifua. Maji yalikuwa baridi.
Nikakumbuka sijamlipa muuza kuni."
Akafunga kilemba chake, akashika njia ya sokoni.

Usiku ule nilibaki peke yangu na mshumaa.
Nikayapanga maneno yake, bila ruhusa, kwa herufi ndogo,
nikachapa karatasi moja.
Sijui niliitakia nini. Iko kwenye mfuko wa koti.

Asubuhi Lebrecht akaja: jirani anadai konzi zake.
Nikamhesabia moja moja, juu ya sura ya kwanza
ya juzuu la saba.
Zilipungua tatu.
Tulifagia hadi chini ya mtambo, hatukuziona.