Herufi Iliyokatika

Fundi saa wa Kisutu, Bwana Menahemu,
alinionyesha kwa lenzi yake neno "amani" la Kiebrania:
herufi moja imekatwa kiunoni, makusudi,
kila mwandishi huikata.
"Hiyo ndiyo zawadi ya yule kuhani
aliyewachoma wawili kwa mkuki mmoja."

Nikasema: lakini Mungu mwenyewe alimtunuku.
"Alimtunuku, ndiyo. Ila angeuliza kwanza,
wazee wasingemruhusu."

Jumamosi, Manzese. Mwizi wa simu yuko chini,
Shomvi anaviringisha tairi,
mimi nina tofali, na hoja zote ninazo.
Nikageuka nitafute wa kumuuliza.
Kila mtu alikuwa ameshika kitu.

Tofali nililiweka chini. Si mbali.

Tairi likawaka.