Darasa la Jioni, Sikonge

Mwalimu Mihayo kaandika ubaoni: bita.
Ni ladha ya mwarobaini, kasema,
na ni moyo wa aliyedhulumiwa.
Kumbe Wazungu nao
wameutia ulimi na moyo kapu moja.

"Na uchungu wa uzazi, Mwalimu?"
Akajikuna sikio kwa chaki.
Huo una neno lake. Darasa likacheka.

Mimi sikucheka. Nimezaa mara nne,
na mara zote kiuno kakishika dada yangu Kalunde,
yuleyule niliyegombana naye kwa ekari za tumbaku za baba,
akaniletea dumu la asali nyeusi,
ile ya miombo, inayokwaruza koo,
nikaliacha mlangoni
hadi chungu wakajipanga mstari.

Usiku nimerudi, nimewachuja chungu kwa pindo la kanga,
nikalamba.
Chungu kweli. Kisha, nyuma kabisa ya ulimi,
kitu kingine,
nacho sikukiona ubaoni.

Nikabandika chungu cha uji.
Nenda, Nkamba, kamwambie mama mkubwa
uji unatokota,
aje na kikombe chake.