Hodi ya Saa Nane Usiku

Kabatini, kati ya mafagio na mtungi wa gesi,
anakaa yule asiye na skrini wala kipanya.
Yerko alimwokota benki ilipohama jengo,
akamfuta vumbi kwa soksi yake mwenyewe,
akamvisha Yuniksi, mfumo wa chanzo huria,
usiodai leseni wala kumuuliza mtu jina,
diski mbili tumboni, ya pili kivuli cha ya kwanza.
Akafunga mlango. "Msimguse. Mlisheni umeme tu."

Sisi tulikuwa na zetu za mezani,
tatu, zenye madirisha yao na kelele zao.
Ofisi ya wapima ardhi, Punta Arenas,
ambako upepo ukichacha
hufungwa kamba barabarani watu washike.
Nieves alianika glovu juu ya yule wa kabatini
kwa sababu ana joto.
Hiyo ndiyo kazi pekee tuliyomjulia.

Saa nane usiku huamka.
Hodi, kwa Drago, penye hesabu za malipo.
Hodi, kwangu, penye ramani zisizokwisha.
Hodi, kwa Nieves: mipaka ya mashamba ya kondoo,
miaka kumi na miwili ya mipaka.
Wala hachukui vyote. Huuliza: nini kimebadilika tangu jana?
Ua lililosogea mita mbili,
nukta iliyofutwa,
hicho tu hukibeba.

Kisha huniandikia barua fupi kuliko risiti:
meza tatu, salama.
Wiki ya kwanza nilizisoma.
Ya pili nikazitengea folda ya kuzitupia.

Asubuhi moja ya Agosti diski ya Nieves ikaanza kugonga,
tak, tak, kama ukucha juu ya sahani,
ikanyamaza.
Naye akakaa na koti lake, hakulivua.

Yerko yuko Calama, migodini, simu yake inalia chini ya ardhi.
Lakini nyuma ya mlango wa kabati
alibandika karatasi: *Usiogope herufi nyeupe. Andika hivi.*
Nikaandika hivi, kwa kidole kimoja,
nikirudia kila nukta na kila mkwaju
kama mtu anayesoma dawa ya mtoto.
Majina yakaanza kuteremka:
Estancia hii, Estancia ile, kijito, lango, jiwe la pembeni.
Drago akamimina mate, akaimwaga mezani, hakuna aliyefuta.

Zikaishia tarehe nne.
Baada ya hapo, siku tisa nyeupe.

Nikazifungua zile barua. Tisa, zote za sura moja:
meza ya Nieves, hodi, kimya.
Hodi, kimya.
Hodi, kimya. Naondoka.
Mara tatu, kama mtu mwenye adabu zake.

"Nilikuwa naizima jioni," Nieves akasema.
"Drago alilalamikia bili."
Drago akachunguza dari.
Nami, mwenye barua tisa ambazo sikuzifungua,
ningesema nini?

Akiba haiozi, ni kweli,
ila sharti mlango uachwe wazi aingie wa kuiweka.

Tukarudi na gari hadi kwenye ua wa ndugu wawili
wanaogombea sentimita arobaini.
Upepo ulitaka kuchukua kipimio.
Mkubwa akashika mguu mmoja wa stendi,
mdogo akashika mwingine,
hawakutazamana, lakini walishika.
Tukapima upya. Sentimita zikawa thelathini na nane.

Sasa kitufe cha Nieves kina plasta juu yake.
Barua nazisoma kabla ya mate: meza tatu, salama.
Na usiku mwingine, upepo ukibisha mabati,
naitikia usingizini, karibu,
na mume wangu anauliza
ni nani huyo ninayemkaribisha saa hizi.