Nafasi Ipo

Terabaiti mbili, karibu zote tupu
kama pipa la Oktoba hapa Newala,
na bado diski inanigomea: faili ni kubwa mno.
Harusi ya kina Chilumba, gigabaiti kumi na moja,
imekwama mlangoni kama kabati jipya
lililopimiwa chumba, halikupimiwa mlango.

Nikate vipande? Cha kwanza kingeishia
pale mama mzazi anapovuta pumzi aseme.

Basi NTFS. Lakini Mac ya Nampota, kule Mtwara mjini,
ingeisoma tu, isiandike hata nukta.
exFAT, basi. Inapokelewa kote,
ila haiweki daftari la safari:
umeme ukikatika katikati ya sentensi
hakuna atakayejua tulifika wapi.
Na umeme wa hapa naujua.

Haya, exFAT. Nitakuwa nachomoa kwa adabu.

Kompyuta inauliza: vyote vitafutika, una hakika?
Vyote ni faili moja, dakika mbili,
Bibi Somoe akibangua korosho,
vidole vyeusi kwa utomvu,
ananikemea nizime hiyo mashine.

Sina hakika.
Namhamishia kwanza kwenye simu.