Upande wa Nne wa Birika

Nilipokuwa na miaka saba, kazi yangu ilikuwa ukoga.
Kila Alhamisi mama alinishusha ndani ya birika,
maji magotini, kumbi la nazi mkononi,
na visamaki vya kula viluwiluwi vikinidonoa vifundo.
"Kwangua! Mtu hatawadhi kwenye kijani."
Nikakwangua hadi kucha zikageuka mchicha.

Leo nina matangi kumi na moja juu ya paa, hapa Mkomani,
na ndani yake nalea kile kile nilichokuwa nikikiua.
Nakilisha samadi ya punda iliyochujwa kwa leso kuukuu,
nakikoroga kwa upawa alfajiri
kabla majirani hawajaamka kuziba pua.
Hesabu zimo kwenye daftari la shule, kwa penseli:
Jumatatu, kijani cha kisamvu.
Ijumaa, kijani cha kilemba cha marehemu babu.
Jumapili mvua, tangi la nne limekufa, harufu ya mayai viza.

Miezi mitano ya kuvuna, kuanika, kukamua:
chupa moja ya dawa ya kikohozi,
haijajaa.

Nikaipeleka Langoni kwa fundi Shekuwe Famau
mwenye injini ya dizeli iliyofungwa mezani,
ya mashua iliyokwisha kuwa kuni.
Akanusa. "Hii si ya kukaangia?"
Akaimimina kama anayemnywesha mtoto mgonjwa,
akazungusha mkono mara tatu.
Ikakohoa.
Ikashika.

Dakika saba!
Karakana ikanuka samaki na jua,
moshi mwembamba kama uzi wa kushonea kofia.
Vijana wa bodaboda wakasogea, wakahesabu nami kwa sauti,
saba na sekunde kadhaa, kisha kimya.
"Dada, kwa hii hata Shela hufiki."
Kweli. Nimepiga hesabu:
kwenda Mokowe na kurudi, safari moja tu,
yataka mapaa ya mtaa mzima.
Haba na haba, watu huniambia.
Haba ninazo. Kibaba sijakiona.

Wote walipoondoka, Shekuwe aliweka kiganja juu ya injini
ingali na joto, akakiacha hapo
kama anayetafuta mapigo.
"Ilete tena," akasema. "Hata nusu."

Mama haoni vizuri siku hizi. Jana akaniuliza,
"Birika umelisugua?"
Nimelisugua, mama.
Pande tatu.
Wa nne sikuutaja.
Unanenepa.